Ile Ngao Si ya Ukoo, Ni ya Mtu

Mwaka jana nilipata kazi ya mtandaoni kutoka kwa msee wa Glasgow. Babake alikuwa ameaga, akataka nimtengenezee programu ya mazishi. Jina lao ni Campbell. Nikatafuta ngao ya Campbell, nikaipata safi kabisa kwa duka la zawadi za watalii, nikaibandika ukurasa wa mbele. Kubwa! Hadi ikafunika kofia ya mzee kwenye picha.

Jibu lilikuja haraka: toa hiyo kitu, watu watadhani baba alijifanya Duke wa Argyll.

Manze, niliaibika. Kumbe Scotland hakuna ngao ya ukoo. Ngao ni ya mtu mmoja, kama vile kitambulisho chako ni chako. Ile yangu ilikuwa ya chifu wa Campbell (si chifu wa baraza, huyu ndiye Duke mwenyewe). Hata mtoto wake wa pili hawezi kuitumia vile ilivyo, lazima aandikishe yake yenye alama ya tofauti. Na si adabu tu. Kuna sheria ya 1672, kuna rejista, kuna mahakama nzima Edinburgh, ya Lord Lyon, na ina mwendesha mashtaka wake. Hata Donald Trump, ngao ya gofu yake ya kule ilibidi ipitie hapo, ikakubaliwa 2012.

Najua kuna wenye watasema hizo ni ringa za wazungu. Lakini hebu kalia kigoda cha babu yako mbele ya wazee uone.

Mtu wa kawaida wa ukoo anaruhusiwa beji ya kuvaa: nembo ya chifu, kwa Campbell ni kichwa cha nguruwe mwitu, ikizungukwa na mshipi uliofungwa. Mshipi unasema mimi ni mtu wa chifu. Ukiweka duara tupu na manyoya matatu ya tai, umejitangaza chifu. Mimi nilidhani manyoya ni urembo!

Nilipoitoa ile ngao, kofia ya mzee ikaonekana. Beji ilikuwa hapo, ndogo, na mshipi wake. Tukaacha picha hivyo, bila kuongeza kitu.

Ile ya kwanza niliiweka hapa na mkaisifu sana. Nimeifuta. Wawili mlioagiza tisheti kama hiyo, pesa zenu nimerudisha.