Hapa, Huku na Mahali pa Elektroni

Ngeli ya mahali ina viambishi vitatu: pa- kwa mahali dhahiri, ku- kwa mahali pasipo dhahiri, na mu- kwa mahali pa ndani. Nikisema "sokoni Busia pamejaa watu", ninakuonyesha mahali mahususi. Nikisema "Tororo kunanyesha", sisemi kama mvua imo mjini, penye ule mwamba, au kuelekea Malaba.

Ngeli hii ilinifaa mwanafunzi mmoja wa sayansi aliponiuliza elektroni iko wapi. Mwaka wa 1927 Mjerumani Werner Heisenberg alionyesha kwamba kadiri mahali pa chembe panavyobainika, ndivyo mwendo wake unavyozidi kutobainika. Ibane elektroni katika nafasi ya ukubwa wa atomu, na kasi yake itabaki na utata wa kilomita mia kadhaa kwa sekunde. Lori linalosubiri mpakani linatawaliwa na kanuni iyo hiyo, ila kwa uzito wake utata huo haupimiki kabisa. (Foleni yenyewe inamtosha dereva.)

Wengi hudhani kasoro ni ya chombo cha kupimia. Sivyo. Kwa maelezo yanayofundishwa vyuoni, elektroni haina mahali na mwendo vilivyo dhahiri kwa wakati mmoja, hakuna kilichofichwa. Hiyo ni ku- ya kweli.

Kijana akacheka: "Basi, mwalimu, hata mimi ni elektroni." Nyanya yake yuko upande wa Uganda, wazazi wako upande wa Kenya, naye alizaliwa nyumbani na hana cheti cha kuzaliwa. Bila cheti, anahangaika kupata kitambulisho.

Hapo nilimkatalia. Mpaka, naam, uliwahi kuhama: hadi mwaka 1902 ardhi ya Busia zote mbili ilihesabiwa kuwa Uganda, kisha Waingereza wakauhamishia Mkoa wa Mashariki upande wa pili, na Wasamia na Wateso wakajikuta wamegawanyika. Lakini mtoto huyu alizaliwa mahali pamoja, siku moja, mikononi mwa mkunga. Hiyo ni pa-. Kinachokosekana ni karatasi, na kutojua kwa afisa si sawa na kutobainika kwa maumbile.

Mkunga yungali hai. Nilimshauri kijana aende naye kwa naibu chifu, akaombe barua. Amekwisha kwenda mara moja, akakuta ofisi imefungwa, atarudi Jumatatu.