Majina Ukingoni

6 Januari 2024, Msambweni

Leo mjukuu wa bibi mmoja wa Vingujini ameniletea mkebe wa majani ya chai uliofungwa kwa kipande cha leso. Ndani mna nyota tatu za shaba, nishani mbili za duara na beji ndogo ya baragumu. "Shikamoo mwalimu. Nyanya auliza, babu alizipata vita gani?"

Nimezipanga juu ya karatasi nyeupe. Za vita vya pili hazisumbui kuzitambua, maana kila nyota yajieleza yenyewe: katikati herufi za Mfalme George wa Sita, na pembeni, kwa duara, jina la vita. Moja ni ya 1939–45, moja ya Afrika, moja ya Burma. Kwenye nishani za duara, simba aliyekanyaga joka la vichwa viwili ndiye wa nishani ya vita. Mti wa mwaloni uliosimama kati ya simba wawili ni wa nishani ya ulinzi. Baragumu ni ya KAR, King's African Rifles, ambao wazee wetu huwaita Keya.

Kutokana na hizo naweza kumpa bibi njia aliyopita mumewe. Nyota ya Afrika kwa Keya ni Somalia na Abisinia, 1940 na 1941. Kisha Burma. Huko ndiko Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyobandika kichwa cha kifaru begani, ilishuka bonde la Kabaw kwenye mvua na matope ya 1944 mpaka Kalewa, kando ya mto Chindwin.

Nilipozigeuza kusoma ukingo sikukuta kitu. Uingereza haikuandika majina kwenye nishani za vita vile. India, Australia na Afrika Kusini ziliwaandikia askari wao, Keya hawakuandikiwa. Mkebe huu ukitoka nyumba ile, mzee huyu hatajulikana tena kuwa ndiye aliyekwenda.

8 Januari

Nimezirudisha kwa mkono wangu mwenyewe. Bibi yuasikia vizuri na kumbukumbu anayo. Asema mumewe alipandia meli Kilindini, na kila mara alisimulia kwamba kuna meli iliyowatangulia ikazama na vijana wengi. Nadhani ni *Khedive Ismail*. Ilitoka Kilindini ikielekea Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 ikapigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldivi. Ilizama kwa kama dakika mbili. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa Afrika Mashariki. Nilipomtajia idadi alinyamaza, kisha akaniambia, "Basi hakuwa akinitisha, mwanangu."

Aliuliza kama azisugue kwa ukwaju zing'are kabla ya arusi ya mjukuu. Nimemwomba sana asisugue: si ukwaju, si ndimu na jivu, si dawa ya shaba ya dukani. Kila msuguo hula sura ya mfalme na ncha za herufi, na weusi ule wa miaka ndio unaoilinda shaba. Utepe wa Burma bado una rangi zake, buluu, chungwa, na nyekundu pana katikati. Nimemwambia autunze mbali na jua, na chumvi ya bahari isiufikie.

Nimeandika karatasi: jina kamili la mzee, kijiji, jina la mkewe, yaliyosimuliwa na siku yalipoandikwa. Imekunjwa imo ndani ya mkebe. Nakala ninayo.

20 Januari, Diani

Duka moja la vinyago kando ya barabara ya hoteli lina sahani nzima ya "beji za Keya". Karibu zote ni mpya. Zimemiminwa kwenye mchanga, kwa hiyo uso una vitundu kama vya ndui, na kamba za baragumu zimefutika hata kabla hazijavaliwa. Beji halisi hupigwa kwa muhuri wa chuma: mistari yake ni mikali, na nyuma kuna vitanzi vilivyochomelewa vizuri. Nyingine zilikuwa na taji, na hapo kuna kipimo kingine. Taji la wakati wa wafalme lina mabega yaliyoinuka mviringo. La Malkia Elizabeth, aliyetawala tangu 1952, limebonyea katikati. Moja ya beji hizo ina taji la malkia na mwaka 1915. Kijana muuzaji hakujua, wala simlaumu; yeye huletewa kwa jumla.

Ila chini ya sahani palikuwa na kitu cha kweli: nishani ya fedha ya Uingereza ya vita vya kwanza, imekatwa kishikio. Mtu uchi juu ya farasi, pembeni yake miaka 1914 na 1918. Na ukingoni, namba, cheo, jina, K.A.R. Jina la Kiislamu, la kwetu kabisa. Nimelinakili kwenye kitabu cha majina, silitaji hapa.

Nishani hii ni fedha ya kadiri ya wakia moja, na ndiyo iliyoiponza. Ngapi zimepelekwa kwa sonara zikawa pete na vikuku! Siwahukumu waliofanya hivyo mwaka wa njaa. Lakini jina likiyeyushwa limeyeyuka. Muuzaji ataka bei ya watalii. Nimemwomba asiiuze kwa wiki mbili, nitafute ukoo.

3 Februari

Nimeamka nikifikiria Mwele. Watu wa huku wakitaja nishani hufikiria Burma na Mjerumani. Wachache wajua kwamba kuna nishani inayotaja mahali pa Kwale hii yetu.

Mbaruk bin Rashid, Mazrui wa Gazi, alipogombana na Waingereza alijiimarisha Mwele, ndani ya msitu, nyuma ya boma la miti. Agosti 1895 Admirali Rawson aliongoza mabaharia kutoka Mombasa, pamoja na askari wa Zanzibar wa Lloyd Mathews, wakaliteka. Mbaruk alipona, na 1896 akavuka mpaka kwa Wajerumani. Waliolivamia boma walipewa Nishani ya Afrika Mashariki na Magharibi. Vita vingine vya nishani hiyo vina kipande cha chuma juu ya utepe chenye jina la mahali. Mwele peke yake imeandikwa ukingoni. Mbele kuna kichwa cha Malkia Victoria, nyuma askari wakipigana vichakani.

Waliokuwa ndani ya boma hawana chuma chochote cha kuonyesha. Wajukuu zao ndio majirani zangu, na jina la kilima chao limo kwenye makabati ya wakusanyaji wa Uingereza, ambao hata hawajui Kwale iko upande gani wa Mombasa.

Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 yahesabu kuwa kale kitu kilichotengenezwa Kenya au kuletwa kabla ya 1895. Nishani ya vita vya Mwele imepitwa na mstari huo kwa muda mfupi kabisa. Ningekuwa na sauti, mstari huo ungesogezwa.

Na Mwele haikuishia hapo. Januari 1916 Meja Wavell aliuawa Mwele Ndogo, pamoja na askari wake Waarabu wa Mombasa. Mtu huyu alikuwa amehiji Makka akijifanya Mswahili wa Zanzibar, na ana kitabu juu ya safari hiyo.

18 Februari, Gazi

Vijana wanaochimba msingi wamenionyesha maganda ya risasi. Hapa KAR, Waarabu wa Wavell na askari wa Jind kutoka India waliwazuia Wajerumani Oktoba 1914. Ganda jembamba lenye K kitakoni ni la Kynoch wa Birmingham, risasi ya Mwingereza. Nene, la milimita 11, ni la bunduki ya zamani ya Mjerumani, ile ya baruti nyeusi iliyotoa moshi hata mpigaji akaonekana alipo. Nimewaonya: ganda lenye risasi ndani halishikwi, halipigwi nyundo, aitwe polisi.

2 Machi

Muuzaji wa Diani amekubali. Ukoo umepatikana Ukunda: mjukuu wa yule askari, mzee sasa, alisoma ukingo kwa kidole kwanza, kisha kwa miwani. Wamechangishana wakainunua. Bei sikuipenda, lakini imerudi kwao.

Usiku nimewaza juu ya wapagazi wa vita vya kwanza. Askari alipata namba na jina. Wale wa kariakoo, waliobeba unga na risasi kichwani mpaka Rufiji na kuendelea, sijaletewa na mtu hata kitu kimoja chao, na wapagazi walichukuliwa kutoka pwani hii pia. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Kwa hao, kukusanya vitu hakutoshi; ni kuuliza majina, na kuuliza sasa.

9 Machi

Mnunuzi amefika Vingujini kuuliza nyota tatu. Bibi ameniita. Nimemwambia ukweli: nyota zisizo na jina sokoni si ghali, ziko nyingi mno, thamani yake kubwa ni ile karatasi iliyomo ndani, na mnunuzi hatailipia. Mjukuu alitaka kujua ni shilingi ngapi hasa, nikamtajia bila kupunguza, maana mali ni yao na uamuzi ni wao.

Bibi amesema hauzi. Kisha akanitajia wanaume watatu wa mtaa huu waliokwenda na mumewe, mmoja hakurudi. Nimeandika majina yote matatu. Kesho naanza kwa huyo ambaye hakurudi: kama alikufa vitani, jina lake huenda liko kwenye mnara wa Afrika Mashariki, makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi.