Mdogo wangu alikataliwa mara 14, sisi tunasubiri aapishwe

Kwa karibu miezi minne mdogo wangu alikuwa hapokei simu za baba. Akipigiwa, anajibu baadaye kwa ujumbe mfupi: "Shikamoo baba, nilikuwa maktaba." Baba, mwalimu mstaafu wa hisabati hapa Morogoro, alikuwa anafurahi. Anawaonyesha wenzake kijiweni kwamba binti yake hata muda wa kushika simu hana, ni kitabu tu.

Mdogo wangu alikuwa mwaka wa tatu wa sheria, Leicester, Uingereza. Mjomba anayeishi huko ndiye aliyebeba mzigo mkubwa wa ada, na baba aliuza kiwanja chake cha Kihonda kuongezea. Kwa hiyo shahada ile ilikuwa ya ukoo mzima. Kwenye kundi la WhatsApp la familia aliitwa "Wakili" tangu mwaka wa kwanza.

Januari, usiku mmoja, alinipigia mimi. Hakusalimia. Alisema: "Dada, nimekataliwa mara 14. Usimwambie baba."

Mimi ni mwandishi wa habari za afya. Nimeandika mara kadhaa kuhusu vijana wanaoficha msongo wa mawazo. Huyu wa nyumbani kwangu sikumwona.

Tulichokuwa hatukijui

Hapa Tanzania njia ya kuwa wakili tunaifahamu. Unamaliza shahada ya sheria, unakwenda Shule ya Sheria kwa Vitendo pale Dar es Salaam, ukifaulu unaapishwa na Jaji Mkuu. Baba aliamini kule nako ni hivyo. Kila Jumapili swali lake lilikuwa moja: "Unaapishwa lini?"

Kule England mambo ni tofauti. Anayetaka kuwa wakili, pamoja na kufaulu mitihani, lazima awe amefanya kazi ya sheria kwa miaka miwili. Njia iliyozoeleka ni kupata nafasi ya uanafunzi kwenye kampuni ya mawakili, ambako unazungushwa idara moja hadi nyingine, mara nyingi miezi sita kila idara. Kampuni nyingi kubwa huchagua wanafunzi wao miaka miwili kabla ya siku ya kuanza kazi. Kijana anaomba akiwa bado darasani, huku ana mitihani ya chuo, na waombaji ni wengi kuliko nafasi.

Na kuomba kwenyewe siyo kupeleka barua na vyeti. Unajaza fomu ndefu ya kueleza kwa nini unaitaka kampuni ile na siyo ya jirani. Ukipita, unafanya jaribio la kufikiri kwenye kompyuta. Ukipita tena, unafanya usaili wa video ambao upande wa pili hakuna mtu: swali linatokea kwenye skrini, unapewa sekunde chache za kujiandaa, kisha unaongea huku unatazama uso wako mwenyewe. Wachache wanaobaki huitwa kwa siku nzima ya majaribio: zoezi la kikundi, kuandika ushauri kwa mteja wa kubuni, na mwisho usaili mbele ya wabia wa kampuni.

Mdogo wangu alikuwa anakataliwa katika kila hatua hizo, na akikatika simu zetu zinaingia kumuuliza habari ya joho.

Usiku ule nilimuuliza analala saa ngapi. Akanyamaza, kisha akacheka kidogo. "Dada, mnanituamsha nyie." Baba huamka alfajiri, akishaswali anatuma ujumbe wa sauti wa kumtia moyo. Saa kumi na mbili asubuhi kwetu, wakati wa baridi, kwao ni saa tisa usiku. Na mimi, niliyewahi kuandika ukurasa mzima juu ya usingizi na uwezo wa ubongo kufikiri, nilikuwa natuma wa kwangu nikiwa kwenye daladala saa moja. Ujumbe wangu wa mwaka mpya anao mpaka leo. Nilimwambia: "Baba ameuza kiwanja, usituangushe."

Nilimwomba radhi. Siyo kwa maneno mazuri, nilisema tu nimekosea. Halafu nikamwambia kwa baba ataongea mwenyewe, ila mimi nitakuwa nimekaa pembeni ya baba.

Barazani

Niliomba ruhusa ya siku mbili kazini nikapanda treni kwenda Morogoro. Jumamosi jioni tuliweka simu juu ya stuli barazani, mama akiwa anachambua mchele.

Alisema yote. Baba alisikiliza, kisha akauliza: "Kwa hiyo miezi yote hii ulikuwa unanidanganya?" Mdogo wangu alianza kulia. Baba akainuka akaingia ndani. Sitasema kwamba siku ile iliisha vizuri, maana haikuisha vizuri. Mama ndiye aliyebaki anaongea naye mpaka betri ikaisha, wakiongelea chakula na baridi, hakuna sheria hata kidogo.

Asubuhi baba alinikuta jikoni. Akavuta kigoda. "Hilo jaribio la kompyuta," akasema, "lina maswali gani?"

"Sisi" ni nani?

Tulianza hivyo. Jumatano na Jumamosi saa mbili usiku kwetu, saa kumi na moja jioni kwao, nikawa msaili. Kuuliza ndiyo kazi yangu, na sheria siijui, ila najua jibu linalosikika na lisilosikika.

Swali la kwanza lilikuwa lile ambalo kila kampuni huuliza kwa namna yake: tueleze wakati ulipokuta tatizo ukalitatua. Mdogo wangu alikuwa akifanya kazi za muda kwenye nyumba ya kulea wazee. Akajibu: "Kulikuwa na tatizo la zamu za usiku, tukakaa, tukabadilisha ratiba, mambo yakawa mazuri."

Nikamuuliza nani aliliona tatizo. "Mimi." Nani aliandika ratiba mpya? "Mimi." Nani aliipeleka kwa meneja? "Mimi, dada."

"Sasa hao 'sisi' ni kina nani?"

Akasema: "Naona kama najisifu."

Hapo nilielewa alichoambiwa kwenye siku yake ya kwanza ya majaribio, Desemba. Kampuni moja ilimwalika, akafika mpaka mwisho, wakamkataa. Mrejesho ulisema alikuwa na adabu na amejiandaa, lakini hawakuweza kuona yeye binafsi amefanya nini. Kwenye zoezi la kikundi walikaa sita mezani, na yeye alisubiri wenzake wamalize ndipo aseme. Hawakumaliza. Muda uliisha.

Mzazi, nani alimfundisha kusubiri wakubwa wamalize? Nani alimwambia msichana wa adabu hajitaji taji? Ni sisi. Na sijuti kwamba tulimfundisha. Lakini hatukumwambia kwamba kuna meza ambazo ukisubiri kukaribishwa, watadhani huna la kusema.

Mama alikuwa anasikiliza kwenye simu. Akasema: "Mwanangu, kusema ulichofanya siyo majivuno. Majivuno ni kusema ambacho hukufanya."

Tuliirudia hadithi ile ya wazee labda mara kumi. Nilimtaka aseme kulikuwa na nini, yeye akafanya nini, kwa nini alichagua vile, na baada ya hapo nini kilibadilika. Dakika mbili, basi. Mara ya mwisho alieleza kwamba bibi mmoja alikuwa akibonyeza kengele usiku anasubiri muda mrefu, kwa kuwa aliyebaki zamu ni mtu mmoja kwa ghorofa mbili. Nilimwona yule bibi. Nikamwambia, hiyo ndiyo.

Kwa zoezi la kikundi mjomba aliwakusanya vijana wake sebuleni, akawapa mada wabishane, na mdogo wangu akapewa sharti la kuongea ndani ya dakika tatu za mwanzo, hata kama ni kuuliza swali tu. Alijifunza pia kwamba kumwambia mwenzako "hujamaliza hoja yako, endelea" nako ni kushiriki, na wasaili wanakuona.

Baba na treni

Jaribio la kompyuta lilimpata baba. Linaitwa Watson Glaser, na kampuni nyingi kubwa za mawakili kule hulitumia. Toleo alilokuwa akifanya mdogo wangu lina maswali 40 kwa dakika 30. Haliulizi sheria. Linapima kama unajua kinachothibitishwa na maneno uliyopewa na kisichothibitishwa.

Mfano: wote waliofika kliniki Jumatatu walipimwa presha. Asha alipimwa presha. Je, ni lazima Asha alifika Jumatatu? Wengi wetu tunasema ndiyo. Si lazima, anaweza kuwa alipimwa Alhamisi.

Au hili, ambalo baba alilitunga mwenyewe: "Twende Dar kwa treni, tutawahi kikao." Je, msemaji amechukulia kwamba treni itafika kabla ya kikao kuanza? Ndiyo. Amechukulia kwamba treni ni nafuu kuliko basi? Hapana, hilo hajalitaja. Baba alikataa. Alisema hakuna mtu anayepanga safari asitazame nauli. Mdogo wangu akamwambia: "Baba, jibu kwa yaliyoandikwa, siyo kwa unayoyajua." Mwalimu wa hisabati akafundishwa na mwanawe, na akaandika kwenye daftari.

Tangu hapo simu zikawa zinapokelewa. Swali la kuapishwa likapotea, likaja swali la 17 na la 23.

Matokeo

Aprili aliitwa tena kwa siku ya majaribio, Birmingham. Siku tatu kabla tulikubaliana hakuna mazoezi baada ya saa mbili usiku kwao, na hakuna ujumbe wa sauti kutoka Morogoro kabla ya saa nne asubuhi kwetu. Alilala. Alikwenda, akaongea, akasema "mimi". Jioni alinipigia akiwa kwenye basi, anaongea haraka haraka kama alivyokuwa mtoto.

Hawakumchukua. Walikuwa wanane, nafasi mbili.

Ningependa kukuandikia mwisho mwingine, lakini huo ndio uliotokea. Tofauti ni kwamba safari hii alimpigia baba mwenyewe, saa ile ile. Baba akamuuliza wamesema nini, akamwambia. Wamesema alieleza kazi yake vizuri, ila maandishi yake ya ushauri kwa mteja yalikuwa marefu kuliko inavyotakiwa. "Basi hilo linafundishika," baba akasema.

Juni alipata kazi ya msaidizi wa kisheria kwenye ofisi ndogo ya Leicester inayoshughulika na migogoro ya nyumba. Kwa utaratibu wa mitihani ya SQE ulioanza Septemba 2021, ile miaka miwili ya kazi si lazima iwe uanafunzi wa kampuni kubwa. Inaweza kukusanywa katika sehemu zisizozidi nne, mradi kazi ni ya kisheria na imethibitishwa. Viza ya wahitimu inamruhusu kufanya kazi bila kudhaminiwa na mwajiri, ingawa ina muda wake, na hilo bado linatuumiza kichwa. Mtihani wa kwanza una maswali 360. Baba ameshanunua daftari jingine.

Kama nawe una kijana anayehangaika na usaili, wa sheria au wa kazi yoyote, mwulize hatua ziko ngapi na yeye yuko ya ngapi. Swali hilo linajibika. "Umepata?" halijibiki kwa mtu ambaye bado yuko katikati. Akikwambia amekataliwa, uliza walimwambia nini, na umpe mtu wa kufanya naye mazoezi, hata kama ni wewe usiyejua fani yake. Na uangalie usingizi wake, chakula chake na simu zake. Akijitenga, halali na hali vizuri kwa zaidi ya wiki mbili, mpeleke kwa mtaalamu. Mdogo wangu alikwenda kwa mshauri nasaha wa chuo mara nne, na anasema hizo nne ndizo zilizomfanya anipigie ile Januari.

Juzi jirani alimuuliza baba kama binti ameshaapishwa. Baba akasema bado, amekataliwa sehemu 15, sasa amepata ofisi ndogo. Kisha akamuuliza yule jirani: ukisema twende Dar kwa treni tutawahi kikao, je, umechukulia kwamba treni ni nafuu?

Jirani akasema ndiyo. Baba akafungua daftari.