Mark X ya mjomba

Bumu bado halijatoka, kwa hiyo wikiendi hii nilitoroka hosteli nikapanda daladala mpaka Mbalizi kwa mjomba. Kumbe alikuwa ananisubiri nimsaidie kuchagua gari mtandaoni. Ndoto yake ya siku nyingi: Toyota Mark X, lile toleo la kwanza lililotoka Japani mwaka 2004.

Basi tukakaa na kompyuta. Hapo ndo nikajua Mark X siyo Mark X tu. Kuna 250G ya kawaida, cc 2500. Kuna 250G Four, inayovuta matairi yote manne. Kuna S Package, ina rimu za inchi 18. Halafu 300G, cc 3000, nguvu za farasi 256! Mimi nikang'ang'ania S Package yenye viti vya ngozi. Nilishajiona nakatiza geti la chuo...

Mjomba akacheka. "Mjomba, mbwembwe hizi Mjapani alizichagua kwa barabara za kwao. Makorongo ya kutoka lami mpaka hapa umeyasahau? Tena bei ikipanda, na ushuru wa TRA unapanda."

Akachukua 250G ya kawaida, viti vya kitambaa. Nikanuna.

Usiku nikapiga hesabu, bei pamoja na ushuru. Tofauti yake ilikuwa karibu sawa na ada yangu ya semista ijayo. Anayenilipia ni yeye, na hakusema neno.

Wadau, gari ikifika Mbalizi, mimi ndo nitaiosha. Bila kuambiwa.