Pikipiki ya umeme au matatu?

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, ndugu msomaji. Nilikuwa napiga hesabu.

Nimeweka akiba ya shilingi 200,000, bei niliyotajiwa ya pikipiki ya umeme. Kutoka kwangu Kahawa West hadi kazini mjini na kurudi ni kilomita 35 hivi. Betri ya yuniti 3 hukimbia kama kilomita 80. Kwa tokeni za nyumbani, yuniti ikiwa karibu shilingi 30, hiyo ni shilingi 90. Ya petroli hunywa lita 2 kwa mwendo huo, zaidi ya shilingi 300. Tena umeme wetu mwingi hutoka kwenye mvuke wa Olkaria, mabwawa na upepo wa Turkana.

Basi ninunue? Niliandika programu fupi. Nauli yangu ni shilingi 160 kwa siku. Umeme ungekuwa 40. Nitaokoa 120, mara siku 22 za kazi. Pikipiki itajilipa baada ya miaka sita! Na betri je, itakuwa nzima?

Kisha nikaweka namba za mdogo wangu, mwendesha boda. Yeye hukimbia kilomita 120 kila siku, siku 26 kwa mwezi. Kwake ni miaka miwili tu, hata akichaji tena mchana. Isitoshe, pikipiki anayoendesha si yake. Kila jioni hupeleka hesabu kwa mwenyewe.

Umeme humfaa anayekimbia sana. Jana nilimpigia simu: akiba ni yake, atanirudishia polepole.

Mimi mtanikuta stejini.