Nguvu Tuliyoitafuta Katika Gari la Zamani

Sisi ni jamaa tano za Nyangezi, na kwa pamoja tunamiliki gari moja, Toyota Land Cruiser ya mwaka 1994. Tulilinunua likiwa limekwisha kutumika miaka mingi, na leo kibao chake kinaonyesha kilomita 418,000. Kila juma linateremka mlima wa Ngomo hadi Kamanyola, katika bonde la Ruzizi, kuchukua mchele na mahindi, kisha linapanda tena kuelekea Bukavu. Karo za watoto wetu zimetoka ndani ya gari hilo, na dawa za wazee wetu pia. Kwa hiyo, tulipoanza kujadili kama tulitie turbo, tulikuwa tunajadili riziki ya nyumba tano.

Wazo lilizaliwa usiku mmoja wa msimu wa mvua. Tulikuwa Kamanyola, gari limekwisha kupakiwa, ndipo watu wa jamaa moja walipotujia wakitusihi tumchukue binti yao. Uchungu wa kuzaa ulikuwa umemshika tangu asubuhi, na mtoto hatoki. Tulimlaza kwenye kiti cha mbele pamoja na mama mkwe wake, tukaanza kupanda. Katikati ya mlima, mshale wa joto ulifika kwenye alama nyekundu. Shofere alisimamisha gari kando ya korongo, tukangoja karibu saa nzima moteri ipoe, tukisikiliza maumivu ya yule binti gizani. Tulipofika Bukavu, daktari alitutazama akasema neno moja: «Mmechelewa.» Alipasuliwa usiku ule ule. Yeye na mtoto wako hai, lakini neno lile hatujalisahau.

Katika mkutano uliofuata, vijana wetu walisimama na shauri lao tayari. Mfanyabiashara mmoja wa mjini alikuwa na turbo iliyokwisha kutumika, naye alitaka dola 1,100 pamoja na kazi ya kuifunga. Sanduku letu lilikuwa na dola 1,400, akiba ya miaka miwili. «Baba zetu,» walisema, «kama gari lingekuwa na nguvu, yule dada asingeteseka njiani.» Nani angethubutu kuwapinga?

Tukiri kwamba hoja yao haikuwa ya kitoto. Moteri ya gari letu ni ile iitwayo 1HZ: silindri sita, lita 4.2, inatumia mazutu, nayo ilitoka kiwandani bila turbo. Moteri ya namna hiyo huvuta hewa kwa pumzi yake yenyewe. Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, ni kwenye mita zipatazo 770 juu ya bahari. Bukavu ni karibu mita 1,500. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 kuliko pwani. Hewa ikipungua, mazutu hayaungui yote, na ndiyo maana gari letu lilikuwa likitoa moshi mweusi kadiri lilivyopanda. Turbo hutibu upungufu huo. Moshi unaotoka kwenye moteri huzungusha gurudumu dogo, na gurudumu la pili, lililo kwenye mhimili ule ule, huisukuma hewa safi kwa nguvu ndani ya silindri.

Tena chombo hicho na milima vimejuana tangu zamani. Mhandisi wa Uswisi Alfred Büchi alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1905. Mwaka 1918, Mmarekani Sanford Moss alipandisha moteri ya ndege juu ya mlima Pikes Peak, huko Colorado, kwenye mita 4,300, ili kuonyesha kwamba turbo inaweza kuirudishia moteri nguvu iliyonyang'anywa na hewa nyepesi. Alifaulu. Huko Australia pia, watu wengi wamefunga turbo kwenye moteri kama yetu, na magari yao yanatembea vizuri. Basi hatukuweza kusema kwamba jambo hilo haliwezekani.

Hata hivyo, kabla ya kufungua sanduku, tulikubaliana kumwita fundi mmoja mzee ambaye hakuwa na kitu cha kutuuzia. Alisikiliza pande zote mbili, kisha akasema: «Wazee wangu, turbo haileti nguvu kutoka mbinguni. Inaiamuru moteri ifanye kazi zaidi. Tuiulize kwanza kama bado inaiweza ile kazi ya zamani.»

Alitufafanulia mambo ambayo muuzaji hakuyagusa. Hewa ikiongezeka, mazutu nayo huongezwa, na joto hupanda pamoja navyo. Joto hilo huziangukia pistoni, kulasi, radiatere, ambreyaji na bwati ya vitesi, ambazo zote zilipimwa kwa nguvu ndogo. Moteri ya 1HZ hugandamiza hewa mara 22 hivi. Ukiisukumia hewa zaidi juu ya mgandamizo huo, unaongeza mzigo juu ya mzigo. Watengenezaji wenyewe, walipotaka moteri ya turbo ya ukubwa huo huo, walitengeneza nyingine, 1HD-T, ambayo hugandamiza mara 18.6 na kumwagia mazutu kwa namna tofauti. Tena mhimili wa turbo unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika moja, ukielea juu ya mafuta ya moteri. Mafuta yakiwa machafu, unakufa. Na baada ya kupanda mlima, shofere hana ruhusa ya kuzima moteri papo hapo. Lazima aiache ipumue dakika chache, la sivyo mafuta huungulia ndani ya turbo. Tulimtazama shofere wetu, naye akainamisha kichwa, maana sote tunajua jinsi anavyozima gari upesi ili kuokoa mazutu.

Kisha fundi alipima. Aliondoa kifuniko cha mafuta moteri ikiwaka, tukaona moshi unapuliza kutoka ndani. Alipima mgandamizo wa kila silindri: tano zilikaribiana, ya sita ilibaki nyuma sana. Akatia mafuta kidogo katika silindri ile, akapima tena, na kipimo kikapanda. Hiyo ni dalili kwamba pete za pistoni zimelika. Akafungua radiatere, na humo akakuta karibu nusu ya mirija imezibwa na matope na kutu. Hapo tulielewa kwa nini gari lilichemka usiku ule. Turbo isingelipoza, ingelichemsha mapema zaidi.

Tungeweza kumalizia hapo na kurudi nyumbani tukiwa tumemshinda muuzaji wa turbo. Lakini fundi, akipangusa mikono yake, aliuliza swali la mwisho: «Usiku ule mlikuwa na mzigo gani?»

Hakuna aliyejibu upesi. Hatimaye mmoja wetu alisema ukweli: magunia 18 ya mchele, kila moja kilo 50. Yule binti alipoletwa, magunia yalikuwa yamekwisha kufungwa kwa kamba. Kuyashusha kungechukua nusu saa, na huko chini hatukuwa na mtu wa kuyalinda. Tulimhurumia kwa moyo wote, tukamwekea hata mto chini ya kichwa, lakini hatukushusha gunia hata moja. Gari la miaka mingi lilipanda Ngomo likiwa na kilo 900 za mali yetu mgongoni, kisha likabeba lawama zetu pia. Katika mkutano tulihesabu nguvu za farasi na dola, na habari ya magunia haikutajwa na mtu, kwa sababu kila jamaa ilikuwa na lake mle.

Tuliamua hivi. Turbo hatukuinunua. Tulitumia dola 540 kubadilisha kiini cha radiatere na kirekebisha joto chake, kusafisha enjekteri, kuweka filtri mpya, na kupunguza mazutu kwenye pompa ili yalingane na hewa yetu ya mlimani. Dola 860 zilizobaki tuliziweka kwa ajili ya siku ambayo moteri itafunguliwa na kupewa pete mpya. Siku hiyo haiko mbali. Moteri ikiisha kuwa nzima, vijana wakitaka kuleta tena shauri la turbo ya nguvu kidogo, tutawasikiliza.

Zaidi ya hayo, tuliandika sharti katika daftari letu: akiletwa mgonjwa wa haraka, mzigo unashushwa kabla moteri haijawashwa, na hasara inagawanywa kwa jamaa zote tano. Tangu hapo sharti hilo limetimizwa mara mbili. Mara ya kwanza tulipoteza magunia mawili kwa mvua, na manung'uniko yalikuwapo, hata nyumbani mwa baadhi yetu tulioliandika. Mara ya pili tulikuwa tumekwisha kumpata mama mmoja wa Kamanyola anayetupokelea mzigo chini ya paa lake.

Gari halijawa jepesi. Likiwa na mzigo, bado linapanda Ngomo kwa vitesi ya pili, na malori mapya yanatupita. Lakini mshale wa joto unabaki katikati, na moshi mweusi umepungua.

Ndugu wapendwa, wengi wetu tuna chombo cha zamani tunachokitegemea: gari, mashini ya kusaga, pengine mwili wetu wenyewe uliokwisha kuchoka. Tukitamani kukiongezea nguvu, si dhambi. Bali tuwe na ujasiri wa kukipima kwanza, na wa kutazama pia ni nini tulichokibebesha.