Deni la Mlinzi

Msomaji, mtu akimwajiri bawabu, kisha mwizi akaingia usiku bawabu amelala, lawama ni za nani? Mwizi ana hatia yake, wala haipungui hata chembe. Lakini bawabu naye ana la kujibu, maana alipokea ujira ili awe macho. Serikali ni bawabu wa watu wake: kodi ni ujira wake, na sheria ni mapatano yake.

Nimewasikia watu wazima wakisema kuwa mke akipigwa nyumbani mwake, shauri hilo ni la mume na jamaa zake, na serikali haina njia ya kuingia. Maneno hayo hayapatani na sheria. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 29, inampa kila mtu haki ya kutotendewa jeuri, iwe inatoka kwa mtumishi wa serikali au kwa mtu mwingine yeyote. Mlango wa nyumba haukuwekwa kuwa mpaka wa haki hiyo. Tena sheria ya 2015 juu ya jeuri ya nyumbani yampa hakimu uwezo wa kumkataza mpigaji asimkaribie aliyepigwa.

Serikali haidaiwi kuzuia kila pigo, maana hilo haliwezekani. Inadaiwa bidii: izuie iwezavyo, ichunguze upesi, imshtaki mkosaji, na imhifadhi aliyeumizwa.

Labda utauliza: bawabu akilala, nani atamwamsha? Jibu lilitoka Meru. Wasichana 11 walionajisiwa, wote wakiwa watoto, walipelekewa kesi yao Mahakama Kuu na watu waliowahurumia. Walioshtakiwa humo hawakuwa wanajisi, bali wakuu wa serikali, akiwamo mkuu wa polisi, kwa kuwa askari walipokea habari zao wasizichunguze ipasavyo. Tarehe 27 Mei 2013 Mahakama iliamua kuwa uzembe ule ulivunja haki za watoto hao, na kwamba uliwapa waovu imani ya kutoadhibiwa. Polisi wakaamriwa wachunguze kwa haraka na kwa ukamilifu.

Basi fahamu kuwa sheria haina miguu. Huenda kwa miguu ya watu. Kesho wewe huenda ukawa askari zamuni, daktari, hakimu, au jirani aliyesikia kilio. Mwanamke atakapokuja kwako na jeraha lake, usimwambie arudi nyumbani akapatane. Andika maneno yake, kisha inuka.